Mataifa Mawili na Firigisi Moja

Kila nikikaa kwa kinyozi hapa Likasi, mtu ananiuliza kama ni kweli nimekula meza moja na Wamarekani na Wachina. Nimejibu mara nyingi mno, na kila mara kinyozi anaongeza chake, hata wiki iliyopita nilisikia kwamba nilimshauri balozi. Sikumshauri balozi yeyote. Nilishika birika la kunawisha mikono. Naandika haya ili kinyozi akome, na ninyi mlioniuliza kwa nia njema mpate jibu zima.

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo sijamaliza miaka miwili mahali pamoja. Nikiona lori linapita nataka kujua linakwenda wapi, na nikishajua nataka kupaona. Lakini safari hii haikuanza kwa udadisi wangu. Nilikuwa naifuata nyumba niliyopanga.

Kolwezi, juu ya paa

Nilikuwa mpangaji wa Mama Rozali, mjane wa miaka sitini hivi, katika chumba cha nyuma. Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mumewe, wakati mume bado ana kazi mgodini. Chini ya mtaa wetu kuna madini, na kila mtu alijua. Majirani walikuwa wamechimba mashimo ya kobalti jikoni na sebuleni, wanatandika mkeka juu mgeni akija. Mama Rozali hakugusa sakafu yake. "Mi nilijenga nyumba," alisema, "sikujenga shimo."

Kisha bei ya kobalti ikaanguka. Wanunuzi waliokuwa na mizani kando ya barabara, wengi wao Wachina, wakafunga vibanda. Wasiokuwa na karatasi kamili wakasindikizwa mpaka uwanja wa ndege. Sisi tuliokuwa tunaosha mawe tukabaki na magunia, tukayageuza viti. Watu wakasema, angalau sasa tutaachwa tukae, mawe yetu hayana kazi tena. Mwezi ule ule likaja tangazo: mtaa unahama, kampuni moja inapanua shimo lake. Bei ilipokuwa juu walitaka kutuondoa kwa sababu tunakalia mali. Bei iliposhuka wakatuondoa kwa sababu sasa lazima wachimbe mengi zaidi. Sikusoma sana, lakini hesabu hiyo niliielewa.

Siku hizo redio haikuwa na habari nyingine ila yetu. Mataifa mawili makubwa yanashindania shaba na kobalti ya Lualaba, ilisema. Wachina wana migodi na barabara. Wamarekani wanataka kufufua reli ya magharibi, ipite Kasaji, ivuke Angola, ifike baharini. Mtangazaji akatangaza, kwa sauti ya mtu anayesherehesha harusi, kwamba Kolwezi sasa ni kitovu cha dunia. Mama Rozali alikuwa juu ya paa anang'oa misumari.

"Kama ni kitovu," alisema, "ndiyo maana banatukata."

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Kalend, ambaye ni shefu, yaani chifu, wa kijiji kimoja kando ya reli, mbele ya Kasaji. Alimpigia simu amwombe kiwanja. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, nikasikia jibu lote.

"Yaya," shefu alisema, kwa maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, na kuya kwetu ni njoo, "kuya mbio. Kuko bageni bakubwa banakuya kuangalia udongo. Ukifika mbele yao, nakupa kiwanja. Bakifika mbele yako, mi sijui tena udongo ni ya nani."

Mbele yao kwetu ni kabla yao; basi tulikuwa tunashindana na mataifa mawili, ingawa wao hawakujua. Tulishusha mabati, tukang'oa madirisha matatu na milango miwili ya mukula, ile mbao nyekundu nzito, mlango mmoja wanaume wawili. Mama Rozali aliniuliza mimi nakwenda wapi. Nikatazama chumba changu kimelala chini kimefungwa kamba, nikamwambia nadhani nakwenda nacho.

Stesheni, siku tatu

Tulipanga nyumba kwenye jukwaa la stesheni na tukakaa juu yake. Treni zilipita vizuri tu, ndefu, zimejaa shaba, zinaelekea magharibi hasa kule tulikotaka sisi. Hazikusimama. Siku ya pili Mama Rozali alimwendea mkuu wa stesheni, mzee mpole mwenye kofia safi.

"Tata, treni ya batu iko lini?"

"Ile ya shaba iko leo, saa nane."

"Mi si shaba."

"Ndiyo shida yako, mama," alisema yule mzee, na alisema kwa huruma kabisa.

Siku ya tatu walikuja mafundi kupaka rangi. Walipaka upande mmoja wa jengo, na ule mmoja wenyewe wakaupaka mpaka urefu wa kichwa tu. Niliwauliza kwa nini wanaacha juu. Mmoja akaniambia wageni watapita ndani ya magari, na kutoka kwenye dirisha la gari mtu haoni juu zaidi ya hapo. Walishajaribu wenyewe, wakakaa ndani ya gari na kupima. Nilipenda sana kazi ile.

Sisi abiria wa treni isiyokuwepo tulikuwa kama thelathini, na kwa kukosa la kufanya tuligawanyika timu mbili. Timu ya Wamarekani ilikaa upande wenye kivuli. Timu ya Wachina ilikuwa na mwalimu mstaafu aliyesema reli ya Wamarekani ni ahadi, lakini barabara ya Wachina ameitembea kwa miguu yake. Mwenzake akamjibu, ameitembea kwa miguu kwa sababu haina basi. Tulicheka mpaka muuza viazi vitamu akaja kuuliza nani kashinda. Viazi tulinunua wote, timu zote mbili.

Mchana wa siku hiyo akapita Tata Ramazani. Ni Mwislamu, wazazi wake walitoka Maniema, na lori lake linapeleka chumvi na sabuni Kasaji. Aliizunguka mizigo yetu mara mbili.

"Mama, hii ni safari ama ni muhamo?"

"Ni nyumba," Mama Rozali alisema. "Imesimama tu kidogo kupumzika."

Ramazani akafungua mlango wa nyuma wa lori.

Barabara ya Mutshatsha

Mimi nilikaa juu ya mabati, mabati juu ya chumvi. Kabla ya Mutshatsha tulikwama mara mbili kwenye matope na mara moja kwenye swala. Swala ninayosema ni ya Ramazani: ikifika saa yake anasimamisha lori popote, na mchana ule alilisimamisha katikati ya barabara kwa sababu pembeni kulikuwa na mtaro. Nyuma yetu lori la madini likapiga honi. Ramazani hakugeuka. Mama Rozali, ambaye ni Mkatoliki wa misa ya asubuhi, alishuka akamwendea yule dereva wa nyuma.

"Weye, unapigia Mungu honi?"

Yule dereva akazima injini, akashuka, akaja kukaa nasi tukala karanga. Baada ya hapo Ramazani alimpa Mama Rozali kiti cha mbele mpaka mwisho wa safari, na utingo wake akaja kukaa nami juu ya mabati akiwa amenuna.

Daraja

Mbele ya Mutshatsha kuna kijito ambacho hakina makuu. Daraja lake la magogo lilikuwa limevunjika chini ya lori la shaba siku mbili kabla. Tulikuta magari mawili meupe ya Wachina yamesimama. Hatujamaliza kusalimiana, yakafika nyuma yetu matatu meupe ya Wamarekani, yakatupita mpaka ukingoni. Ndio wageni wenyewe. Wachina walikuwa wafike kwa Shefu Kalend Jumatatu, Wamarekani Jumatano, kila mmoja na siku yake, ili wasionane. Daraja liliwakutanisha Jumanne.

Kila upande ulikuwa na mkalimani. Wa Wachina alikuwa Fidele, kijana wa Kolwezi, mcheshi. Wa Wamarekani alikuwa Trezori wa Lubumbashi, aliyevaa tai hata pale kwenye matope. Nilimuuliza Fidele kwa nini Wachina, ambao nimewaona wakijenga daraja kubwa ndani ya miezi, hawalitengenezi hili dogo.

"Tukilitengeneza, bale banapita juu yake bure, na banapiga picha kwanza," alisema.

Nikamuuliza Trezori. "Mukubwa wetu alisha kupiga simu," alisema. "Banatafuta daraja ya chuma."

"Wapi?"

"Mbali."

Wakubwa walikaa kila mtu ndani ya gari lake na simu yake. Madereva wao, wote wa kwetu, walikuwa wanafahamiana tangu shule ya msingi. Walikula pamoja bukari ya jana, ule ugali wetu, na samaki mkavu, wakaazima shoka la Ramazani, wakaangusha miti minne, na kabla ya saa tisa magogo yalikuwa yamelala sawasawa. Kilichokosekana ni mbao za kuweka juu ili magurudumu yasiingie katikati. Ramazani akatazama lori lake. Madereva nao wakatazama. Mama Rozali akaona wanachotazama.

"Hapana. Ile ni mulango ya chumba yangu."

"Mama, ni dakika kumi tu."

"Ni nani anayeomba?"

"Ni siye, mama. Bashofere."

"Mi siombwi na bashofere. Bale benye haraka bakuye benyewe."

Wakaja. Mkuu wa Wachina, mwanamume mfupi mwenye kofia ya majani na macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alikuja na chupa ya chai, akamimina, akamkabidhi Mama Rozali kikombe kwa mikono miwili. Mkuu wa Wamarekani, mwanamke mrefu aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alileta kiti cha kukunja, akakikunjua mwenyewe, akapangusa vumbi. Basi Mama Rozali akakaa juu ya kiti cha Marekani akinywa chai ya China, na akafikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wakuu wale wawili walisimama kila mtu upande wake. Niliona Mchina anakitazama kiti, na Mmarekani anakitazama kikombe.

"Bapite," alisema mwishoni. "Polepole."

Ukaja ugomvi wa nani atangulie. Fidele alisema Wachina ndio waliofika kwanza. Trezori alisema gari la Wamarekani ndilo lililo karibu. Wakati wanabishana, muuza makaa akapita na baiskeli yake, akawashukuru wote kwa daraja, akaenda zake. Baada ya hapo walipita kwa zamu: Mchina, Mmarekani, Mchina, Mmarekani, na lile gari la ziada la Wamarekani likapita mbio kama lenye aibu. Sisi tulipita mwisho, chumvi tumeibeba kichwani kwanza.

Mlango mmoja ulipasuka ufa wa urefu mzima. Hakuna aliyeomba radhi. Nadhani kila upande uliona kwamba ni gari la upande wa pili.

Kasaji, kwa baiskeli

Kasaji magari meupe yalitangulia, lakini kutangulia hakukuwasaidia. Walipokewa. Kulikuwa na hotuba ya kuwakaribisha Wachina, kisha kwa sababu Wamarekani nao wapo ikabidi hotuba irudiwe yote tangu mwanzo, kisha kwaya ya Wakatoliki, kisha kwaya ya Waprotestanti, ambao wasingekubali kuimba nusu. Ramazani alitushusha sokoni. Alimpa Mama Rozali pakiti ya chumvi ya nyumba mpya, akasema anapita kila mwezi, ataangalia kama nyumba imesimama.

Tulipata baiskeli sita za wale wanaosukuma unga. Mabati ukiyafunga kwenye baiskeli, upepo unayashika, na mtu anaenda kando kama kaa. Wenye baiskeli walikuwa wananicheka: "Tata wa Likasi, unasukuma baiskeli ama inakusukuma?" Tulikula muhogo wa kuchoma na tukanywa munkoyo kwenye kibuyu, ile togwa yetu ya mahindi, ya siku ya kwanza, bado tamu. Siku ya pili mchana tukafika. Wageni wakubwa walikuwa bado Kasaji wanasikiliza kwaya. Baiskeli haipigiwi hotuba.

Mama Rozali alikuwa ameshinda mashindano. Nilimpongeza. Aliniambia ninyamaze mpaka amwone mdogo wake usoni.

Kwa Shefu Kalend

Shefu Kalend ni mwanamume mnene mwenye sauti ndogo. Alipiga makofi ya salamu, akamkumbatia dada yake, akatazama baiskeli sita, na uso ukamshuka.

"Yaya, ungoye kidogo."

"Ulisema nikifika mbele yao."

"Nilisema. Lakini sasa banakuya bote siku moja. Barua ya hawa inasema udongo ya pembeni ya reli ibakie wazi. Barua ya bale inasema vilevile. Nikikupa leo, bataniuliza kwa nini niliweka nyumba. Ungoye baende."

"Na bakienda na udongo?"

Shefu akarudi kuzitazama baiskeli. Mama Rozali alivua viatu, akaingia jikoni kwa wake wa shefu, akaanza kumenya vitunguu kama mtu aliyeajiriwa. Nilimfuata. Hakulia. Alisema tu, "Mabati ikikaa chini mwezi mmoja, inaibiwa. Kisha mi nakuwa bibi wa bure, nalala kwa bashemeji." Nikaelewa kwamba safari yetu yote, stesheni, chumvi, daraja, ilikuwa bado haijafika.

Sasa lazima nieleze firigisi, kwa maana huku Likasi tumeshaanza kuitupia ndani ya mchuzi ovyo. Ni ile nyama ngumu ya tumboni mwa kuku inayosaga punje. Katika kijiji kile, hata wakichinja kuku kumi, inapelekwa mezani firigisi moja, kwenye kisahani chake. Anayepewa ndiye mgeni wa nyumba. Akishaila, lazima aonyeshwe mahali pa kulala siku hiyo hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kumfukuza maadamu shefu yuko hai. Zilizobaki wanakula wapishi kimyakimya.

Wakalimani walikuwa wamefanya kazi yao vizuri mno. Walitangulia kijijini asubuhi iliyofuata, mmoja baada ya mwingine. Fidele alimvuta shefu kando: mkuu wetu anaijua desturi, na kusema kweli firigisi ni chakula anachokipenda tangu utoto. Trezori akaja na tai yake: mkuu wetu hali nyama kabisa, lakini kwa heshima ya kijiji hiki ameamua kuitafuna. Basi mmoja aliipenda, mwingine aliiogopa, na wote wawili waliitaka sawasawa.

Shefu akaja jikoni jasho likimtoka. "Yaya, nifanye nini? Nikipa Bachina, reli inakwenda. Nikipa Bamerika, barabara inakwenda."

"Si kazi yangu," Mama Rozali alisema, bila kuacha kukoroga. "Mi nangoya kiwanja."

"Tuikate mbili?"

Mke mkubwa wa shefu akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. "Ikate! Halafu bote babili bakuye kulala hapa!"

Waliketi saa saba, meza ndefu, Wachina mkono wa kulia, Wamarekani wa kushoto. Nilipita na birika. Mkuu wa Wachina alinawa kama daktari. Mkuu wa Wamarekani aliniuliza jina, nikamwambia, akalirudia vizuri. Walisema maneno mazuri. Wachina walisema wao na kijiji ni marafiki wa zamani. Wamarekani walisema wanataka kijiji kiwe na uhuru wa kuchagua. Wazee walipiga makofi kote kuwili kwa urefu uleule, nadhani walikuwa wamepatana. Kisha shefu akasimama na kisahani.

Nimeona watu wakitoka shimoni baada ya udongo kuanguka. Uso wa shefu ulikuwa hivyo. Alipiga hatua kwenda kulia, na Fidele akanyoosha mgongo. Akapiga hatua kwenda kushoto, na yule mama wa Marekani akameza mate. Akasimama katikati. Halafu akageuka, akawapa wote mgongo, akatembea mpaka mlango wa jiko, akakiweka kisahani mbele ya dada yake.

"Mugeni wangu ni huyu," alisema kwa sauti kubwa kuliko niliyodhani anayo. "Alifika wa kwanza."

Wazee wakaguna, kwa sababu wanawake wa kwao hawapewi firigisi. Mama Rozali hakuwapa nafasi. Aliiweka mdomoni nzima. Ilikuwa ya jogoo mzee. Alitafuna, na meza yote ya mataifa mawili ikangoja atafune. Akameza. Akaniomba maji.

Sidhani Kalend alifanya vile kwa upendo. Alikuwa na kitu cha moto mkononi na akatafuta pa kukiweka. Lakini dada yake alikuwa amekwisha kula, na jua lilikuwa bado juu, kwa hiyo kabla ya wageni kumaliza ndizi shefu alimpeleka na wazee wawili akamwonyesha kiwanja. Kilikuwa kimoja tu kilichofyekwa, kando ya reli, karibu na kisima. Tuliteremsha mabati pale pale, kelele ikafika mezani.

Nilirudi kukusanya sahani. Trezori akanishika mkono. "Kaka, niambie kweli. Ule mama ni ya Bachina, ama? Mukubwa wetu alimuona kwa daraja, anakunywa chai yao."

Nilimwambia ni wa Kolwezi. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa uongo na mtaalamu. Nilipofika upande wa pili Fidele akaniuliza kwa nini Wamarekani hawakusema tangu mwanzo kwamba dada wa shefu ni mtu wao. Kiti walimletea mbele ya macho ya watu. Huyo naye nilimwambia ni wa Kolwezi. Akacheka, akanipiga bega. "Weye uko mujanja," alisema.

Vigingi

Magari meupe yaliondoka kwa zamu. Mimi nilibaki wiki tatu kukandika. Matofali ya udongo tuliyapata kwa jirani, mabati yakarudi juu, mlango mzima tukauweka mbele na ule wa ufa nyuma.

Wiki ya pili walikuja wapimaji wa reli, watu wa Wamarekani, vijana wanne, wanachomeka vigingi vyenye utepe wa buluu kwa mstari ulionyooka tangu Kasaji. Mstari ule ulipita katikati ya chumba cha kulala cha Mama Rozali. Kijana mwenye ramani akasimama mlangoni. Mimi nilikuwa juu ya paa, nikaacha kupigilia misumari, kwa maana niliwahi kuona ramani kama ile Kolwezi.

"Mama, nyumba hii ni ya nani?"

Mama Rozali alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Ni ya bale bengine."

Kijana akatazama mabati, akatazama mlango mwekundu wa mukula, ambao kijiji kizima hakikuwa na mfano wake. Akaenda pembeni kupiga simu. Alizungumza kwa muda. Aliporudi alisema asante, akang'oa vigingi viwili, akavichomeka upya hatua thelathini kulia.

Siku nne baadaye wakaja wa barabara, watu wa Wachina, utepe mwekundu, mstari wao nao umenyooka. Swali lilikuwa lile lile. "Ni ya bale bengine," alisema Mama Rozali, na hawa hawakupiga hata simu. Vigingi vyao vikazunguka kushoto.

Nilimuuliza kama haogopi. Siku moja wakubwa watakaa pamoja, wataulizana. "Bakikaa pamoja," alisema, "ndiyo nitaogopa." Sijui itadumu mpaka lini, na yeye hajui. Lakini ukisimama juu ya tuta la reli unaona mistari miwili inatoka mashariki imenyooka kama uzi, ikifika kwa Mama Rozali inapinda, mmoja huku, mmoja kule, halafu inakutana tena na kuendelea na safari zake.

Watu wa kijiji nao waliona. Ndani ya ule mpindo, nyuma ya nyumba yake, familia tatu ambazo vigingi vilipita uani kwao zilikuwa zimeanza kuhamia, matofali yao yamepangwa yanagusana. Asubuhi niliyoondoka nilikwenda kumuaga, nikamkuta amewaketisha wote kwenye mkeka, wakubwa kwa watoto, anawauliza mmoja mmoja nyumba yao ni ya nani, na anayesita anamrudisha mwanzo.